Pikapu kuukuu: Yapi ya kweli katika maneno ya wenye magari?

Gereji yoyote ina benchi lake. Gari likiinuliwa kwa jeki na fundi akaingia chini, wenye magari hukaa pale na maneno huanza. Mmoja atasema Hilux ya zamani haifi. Mwingine atakushauri utoe thamostati ili gari liache kuchemsha. Wa tatu atasema uongeze springi mbili nyuma, pikapu ibebe magunia zaidi. Ukikaa kwenye benchi hilo saa moja tu, utaondoka na ushauri wa bure unaotosha kulitengeneza gari lako, au kuliua kabisa.

Wasikilizaji wetu wengi wanaishi kwa pikapu hizi. Zinabeba nyanya kutoka shambani, samaki kutoka pwani, mabati, mabomba, jenereta za kukodisha, na mara nyingi watu pia. Ndiyo maana katika makala haya tunayachukua maneno yanayosikika sana katika mazungumzo hayo, na tunaeleza lipi ni la kweli, lipi ni nusu kweli na lipi ni la hatari. Mfano wetu mkuu ni Toyota Hilux ya dizeli ya kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo mengi tunayoyasema yanahusu pia Nissan, Isuzu, Mazda na Land Cruiser za pikapu.

Kwa nini zipo bado barabarani

Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikitengenezwa katika kiwanda cha Hino nchini Japani. Zinazoitwa "za zamani" leo kwenye gereji zetu ni hasa za kizazi cha tano, kilichoanza mwaka 1988, na cha sita, kilichoanza mwaka 1997. Nyingi zina injini za dizeli za ukoo mmoja: 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Ni injini za silinda nne, na zile zisizo na taabo hutumia pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa mitambo mitupu. Fundi mwenye spana, jeki na sikio zuri anaweza kuifungua na kuirudisha bila kuunganisha kompyuta yoyote.

Sababu ya pili ni upatikanaji. Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni humo hadi mwaka 2017. Kwa miaka hiyo 13, soko la magari ya mtumba la Japani halikupata Hilux mpya za kuja kuchakaa na kuuzwa kwetu. Sheria nazo zinabana: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku magari yaliyofikisha miaka 15. Kwa hiyo mwenye pikapu ya mwaka 1995 anajua kwamba akiiua, kupata nyingine kama hiyo si kazi ndogo. Anaitunza, au anajaribu.

"Hilux haifi"

Msemo huu una asili yake. Mwaka 2003 kipindi cha magari cha televisheni ya BBC, Top Gear, kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988 na kujaribu kuiangamiza. Waliiacha ufukweni maji ya bahari yakaifunika, wakaichoma moto, kisha wakaiweka juu ya jengo refu lililoangushwa kwa baruti. Kila mara fundi aliiwasha tena kwa vifaa vya kawaida, bila kutumia spea mpya.

Tukio hilo linaonyesha kwamba gari ni rahisi kufufuliwa. Halionyeshi kwamba linaweza kukaa miaka 30 bila matunzo. Injini za 2L, 3L na 5L zina mahali pamoja padogo ambapo uhai wao wote umening'inia: mkanda wa taimingi. Mkanda huu wa mpira ndio unaofungua na kufunga vali kwa mpangilio unaoendana na pistoni. Ukikatika gari likiwa linatembea, pistoni hugonga vali. Kinachofuata ni kufungua silinda hedi, na gharama yake ni mara nyingi ya bei ya mkanda.

Ratiba ya kawaida ni kubadilisha mkanda kila kilomita 100,000. Kwenye dashibodi ya nyingi za pikapu hizi kuna taa iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka kilomita zikifika. Lakini taa hiyo haijui kama mkanda umebadilishwa kweli. Inafuata hesabu ya kilomita, na mtu anaweza kuizima kwa dakika chache bila kugusa mkanda wenyewe. Kwa hiyo ukinunua pikapu isiyo na kumbukumbu, usiulize taa. Badilisha mkanda na beringi yake ya kukaza siku ya kwanza, na umwambie fundi aangalie sili za oili zilizo karibu, maana oili ikivujia juu ya mkanda huuharibu kabla ya wakati.

Si kila injini iko hivyo. TD27 ya Nissan, iliyotumika sana kwenye Hardbody za dizeli, hutumia gia badala ya mkanda. Injini ya petroli ya Toyota 22R hutumia cheni. Nayo cheni huchakaa: viongozi vyake vya plastiki vikivunjika, cheni hulegea, hupiga kelele asubuhi, na mwishowe inaweza kukwangua kifuniko cha mbele hadi maji yakaingia kwenye oili. Mwenye gari anayejua injini yake ina nini kati ya vitu hivi vitatu ameshaepuka hasara kubwa.

"Toa thamostati, gari litapoa"

Huu ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na unaoharibu magari mengi. Thamostati ni mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa ya baridi na kufunguka ikipata joto. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hula dizeli zaidi, hutoa moshi, na silinda huchakaa haraka.

Kuna jambo jingine ambalo benchi la gereji halilisemi. Kwenye baadhi ya injini thamostati hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, wakati huo huo huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote. Sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Gari likiwa tupu kwenye barabara tambarare hutaona tofauti. Siku umepakia tani nzima na unapanda mlima, ndipo linachemsha kuliko mwanzo.

Gari likichemsha, tafuta sababu. Rejeta imeziba kwa kutu na tope? Feni belti imelegea? Feni yenyewe inashika au inateleza? Hozi imelainika na kujikunja? Na usisahau kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukidharau. Kazi yake ni kuweka presha. Maji matupu yasiyo na presha huchemka kwa nyuzi 100 pale Dar es Salaam au Mombasa, lakini kwenye miinuko kama Mbeya au Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94. Kifuniko kizima huongeza kiwango hicho kwa nyuzi karibu 20. Mpira wake ukikauka, faida hiyo yote imekwenda.

Kulanti nayo si anasa. Silinda hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Maji ya bomba peke yake hula vyote viwili polepole, na kutu yake ndiyo inayoziba rejeta. Injini zenye taabo, kama 2L-T, zina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi zikichemshwa, na mara nyingi ni mara moja tu inayotosha. Mshale wa joto ukipanda, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto; maji yatakurukia usoni. Subiri hadi uweze kuishika hozi ya juu kwa mkono.

"Dizeli ni dizeli tu"

Hapana. Pampu ya dizeli ya injini hizi haina oili yake ya kuilainisha. Hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Ukiweka dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, gari linaweza kuwaka na kutembea kama kawaida, lakini vyuma ndani ya pampu vinasagana vikiwa vikavu. Mafuta ya taa yalipokuwa nafuu kuliko dizeli, wachakachuaji walikuwa na sababu ya kuchanganya. Ndiyo maana mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida hiyo.

Wenye magari wengine hulalamika kwamba dizeli ya siku hizi "imekauka". Wanachokizungumzia ni kupunguzwa kwa salfa: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Dizeli hiyo hupewa dawa ya kulainisha kabla ya kuuzwa, na salfa kidogo ina maana ya asidi kidogo ndani ya oili ya injini yako. Ukinunua kwenye kituo kinachoaminika, dizeli hiyo si adui wa pikapu kuukuu.

Adui ni maji na uchafu. Dizeli ya kwenye madumu, au tangi linaloachwa nusu kwa wiki nzima, hukusanya maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kibolti cha kutolea maji. Kifungue kila wiki chache uone kinachotoka. Ni kazi ya dakika tano inayoweza kuokoa pampu na nozeli.

Moshi nao huzungumza, ukiusikiliza vizuri. Mweusi mzito maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: anza na filta ya hewa, kisha nozeli. Wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Mweupe asubuhi unaoisha baada ya dakika chache mara nyingi ni plagi za kupashia moto zimekufa, moja au mbili. Mweupe usioisha huku maji yakipungua kwenye rejeta ni dalili ya gasketi au silinda hedi. Muuzaji anaweza kuficha baadhi ya dalili hizi kwa kujaza oili nzito, kwa hiyo nenda kaone gari likiwa la baridi, kabla hajaliwasha.

"Ongeza springi, ibebe zaidi"

Hapa maneno ya gereji yanaanza kugusa roho za watu. Hilux nyingi za kazi zimeundwa kubeba takriban tani moja. Mwenye gari huongeza bapa mbili za springi nyuma, pikapu inasimama wima hata ikiwa na tani mbili, naye anaamini uwezo umeongezeka.

Kilichoongezeka ni springi peke yake. Ekseli, beringi, rimu, klachi, breki na chesisi ni vile vile vilivyotoka kiwandani. Chesisi hupinda au kupata ufa nyuma ya kabini, mahali ambapo bodi ya mbele inaishia na mzigo unaanzia. Ukiona mwanya kati ya kabini na bodi ya mzigo umepana juu na kubana chini, au kinyume chake, chunguza chesisi mara moja.

Kuna na jambo la breki ambalo madereva wengi hawalijui. Chini ya Hilux nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Kazi yake ni kupima mzigo. Pikapu ikiwa tupu, nyuma iko juu, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Ikipakiwa, nyuma hushuka, na vali huruhusu nguvu zaidi. Sasa ukiongeza springi, nyuma haishuki tena. Vali inaamini gari ni tupu, na inabana breki za nyuma wakati una mzigo kupita kiasi. Umeongeza uzito na kupunguza breki kwa kazi moja.

Kama kazi yako inadai springi nzito, mwambie fundi aisawazishe vali hiyo upya, na abaki ndani ya uzito ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Na watu wasikae juu ya mzigo. Bodi ya pikapu haina mkanda wala kitu cha kushikilia, na gari likipinduka, waliokaa juu ndio wanaotupwa kwanza.

"Breki zipo, unakanyaga mara mbili tu"

Breki inayohitaji kukanyagwa mara mbili ni breki iliyoharibika. Kwenye pikapu hizi, mbele mara nyingi ni diski na nyuma ni dramu. Breki shu za nyuma zikilika na zisisogezwe, pedali hushuka chini kabla breki haijashika. Hiyo ndiyo sababu nyepesi, na fundi huimaliza kwa muda mfupi. Sababu nzito ni hewa ndani ya mabomba, silinda ndogo za magurudumu zinazovuja, au masta silinda iliyochoka. Pedali ikizama polepole huku mguu umeishikilia, usiendeshe gari hilo hadi litengenezwe.

Mafuta ya breki nayo huzeeka. Yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga mkoani Iringa, dereva anayeshikilia breki tangu juu hadi chini anaweza kuzipasha hadi mafuta yachemke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedali inakwenda hadi sakafuni na gari haliitiki. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili, na shuka mlima kwa gia ya chini, ile ambayo ungeitumia kupanda.

"Usukani unacheza kidogo tu"

Usukani wa pikapu ya zamani unaweza kuwa na mchezo mdogo, lakini "kidogo" ya mwaka huu si ya mwaka jana. Mwenye gari huzoea. Njia rahisi ya kupima ni kumweka mtu ndani azungushe usukani kushoto na kulia, huku wewe au fundi mko chini mkiangalia: ni tairodi inayocheza, ni boli jointi, au ni boksi la usukani lenyewe? Boli jointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala na gari huanguka upande huo. Hakuna dereva hodari wa kulizuia.

Mwaka 2004 Toyota iliwaita wenye Hilux na Hilux Surf wapatao 330,000 nchini Japani, za kati ya mwaka 1988 na 1996, kwa sababu fimbo inayounganisha usukani na magurudumu ya mbele ingeweza kupata ufa na kukatika. Pikapu ya miaka hiyo iliyotoka Japani inaweza kuwa ilitengenezwa, au ilishasafirishwa kabla. Mwambie fundi aikague fimbo hiyo aliposafisha grisi na tope, kwa sababu ufa haujionyeshi chini ya uchafu.

Matairi yaingie kwenye ukaguzi huo. Tafuta pembeni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 3519, lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka na kupasuka pembeni. Kwa gari la mzigo, usilinunue kwa kuangalia meno peke yake.

"Kutu ni ya juu juu"

Rangi ya mlango ikimenyuka, hiyo ni kutu ya juu juu. Chesisi ni habari nyingine. Ni bomba la pembe nne, na kutu huanzia ndani, ambako tope, mchanga na chumvi hukaa bila kuonekana. Pikapu za pwani zinazobeba samaki na barafu, au mchanga wa ufukweni, ndizo zinazoumia zaidi. Na gari lililotoka Japani maeneo ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi, huweza kufika bandarini likiwa na ugonjwa tayari.

Hata nchi tajiri zimeliona tatizo hili. Mwaka 2016 nchini Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wenye pikapu za Tacoma na Tundra waliodai chesisi zao zinaoza. Mpango huo ulikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, ingawa kampuni haikukiri kosa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, ingia chini, gonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma, hasa karibu na mahali springi za nyuma zinaposhikilia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo huingia. Ukiona chesisi imepakwa rangi nyeusi mpya na gari zima ni kuukuu, gonga mara mbili. Mwenye pikapu ya pwani aoshe chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari ya samaki, na ahakikishe matundu ya kutolea maji kwenye chesisi hayajaziba.

"Mtumba halisi ni bora kuliko mpya feki"

Hili ni kweli kwa sehemu. Kwenye maduka ya Gerezani na Shauri Moyo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, au Kisekka jijini Kampala, utapata spea halisi, nakala nzuri, na feki ya wazi, wakati mwingine kwenye meza moja. Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi: jiulize, kitu hiki kikiharibika barabarani nini kitatokea?

Mlango, taa, kioo, bampa, giaboksi, difu, stata na altaneta ni vitu ambavyo mtumba halisi huweza kukufaa miaka mingi, na vikifa, gari linasimama tu. Lakini mkanda wa taimingi, pedi, breki shu, mipira ya masta silinda, hozi za breki, tairodi na boli jointi usinunue mtumba kamwe. Hivyo huchakaa kwa kutumika, na wewe ungekuwa unanunua mwisho wa uhai wake.

Nenda dukani na kitu chako kibovu mkononi, pamoja na namba ya injini na ya chesisi. Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski tofauti. Beringi zina namba iliyochongwa kwenye chuma. Ilinganishe, na ukatae yenye maandishi yanayofutika kwa kidole.

Daftari la shilingi chache

Kama tungeambiwa tuchague kifaa kimoja cha kutunza pikapu kuukuu, tungechagua daftari. Andika tarehe, kilomita na kilichofanywa: oili, filta, mkanda wa taimingi, mafuta ya breki, grisi. Oili ya dizeli za zamani kwenye barabara za vumbi ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili na maji, kanyaga breki, tazama chini kama kuna kilichodondoka usiku. Kila wiki angalia upepo wa matairi, nati za magurudumu na mafuta ya breki. Kila mwezi ingia chini na tochi.

Daftari pia hujibu swali linalowasumbua wengi: niendelee nayo au niiuze? Ukijumlisha gharama za mwaka, utajua kama pikapu inakulisha au wewe unailisha. Lakini jibu la mwisho halipo kwenye injini. Injini inaweza kufunguliwa na kurudishwa, hata mara mbili. Chesisi iliyooza au iliyopinda ndiyo inayopaswa kukufanya useme basi.

Kwenye benchi la gereji, sifa zote huenda kwenye injini: imetembea kilomita ngapi, inawaka kwa mara moja, haijawahi kufunguliwa. Ni mazungumzo matamu, nasi hatuyapingi. Ila injini ikifa, pikapu husimama kando ya barabara na mwenyewe hurudi nyumbani kwa basi. Breki, usukani au chesisi vikifa, huenda asirudi. Kwa hiyo siku nyingine ukikaa pale na wenzako, baada ya kusifu injini, muulize mwenye pikapu swali hili: mara ya mwisho uliingia lini chini ya gari lako?